Chungu Kisichoepuliwa

Sajini Muthama alipofika kituoni asubuhi ya Alhamisi, alimkuta Nakhumicha amekwisha kaa kwenye ngazi, mtoto mgongoni na kikapu cha viazi vilivyopoa mapajani. Huyu alikuwa mke wa Zadock, mpishi wa Kitisuru aliyekamatwa jana yake jioni. Muthama alijaribu kupita upande wa pili wa ngazi kama mtu mwenye haraka, lakini mwanamke yule hakuwa wa kupitwa.

"Afande, wanasema leo saa nane anapelekwa kwa hakimu."

"Nimesikia, mama."

"Na wanasema mtu akishtakiwa kuua mzungu, hiyo kesi haikawii. Ni kamba tu."

"Maiti haijaonekana. Wewe ngoja hapa, nakuja."

"Ukuje kweli. Tangu jana kila mtu wa hapa ananiambia anakuja."

Muthama akaingia ndani.

Inspekta Tarrant alikuwa amepanga ushahidi wake mezani kwa unadhifu wa duka la vyombo: saa ya mkono ya kike, pete ya dhahabu, aproni yenye damu, na kamusi ndogo ya Kihispania aliyoazima kwa mtu. Alikuwa mzungu mwenye bidii, asiyepiga watu wala kelele, ila akishapata wazo moja hulilea kama yai. Alijivunia Kiswahili chake pia, na hapakuwa na mtu kituoni mwenye ujasiri wa kumwambia lolote juu yake.

"Muthama, hii kesi nakwisha," alisema. "Saa ya memsahib, pete ya memsahib, yote mfuko ya mpishi. Damu kwa aproni. Shimo mpya nyuma ya jikoni. Nataka nini ingine?"

"Memsahib mwenyewe, Bwana."

"Yeye napatikana. Kwa shimo, ama kwa mto."

Memsahib aliyetafutwa aliitwa Remedios Arrieta, mjane wa Kihispania. Marehemu mumewe alikuwa mwonjaji wa kahawa, na alipofariki mama yule alibaki Kitisuru katika nyumba ndogo iliyopakana na mashamba, na hakurudi kwao. Wafanyakazi wa mtaa mzima walimwita Mama Ahora, kwa kuwa neno hilo la Kihispania halikukauka kinywani mwake. Jumanne mchana alitoka nyumbani na tangu hapo hakuonekana tena. Jumatano jioni jirani yake, memsahib mwingine, alikwenda kunywa chai naye, akamkuta Zadock jikoni anakoroga chungu kana kwamba hakuna kitu, akapiga simu polisi.

Tarrant alifungua kamusi mahali alipotia kijiti cha kiberiti. "Mpishi nasema memsahib natoka, nasema 'ahora vengo'. Mimi naangalia. Ahora, hii ni sasa. Vengo, hii ni nakuja. Sasa nakuja. Sawa? Kama mtu nasema sasa nakuja, saa moja napita, hapana rudi, mpishi mzuri naenda tafuta. Huyu nakaa siku mbili napika. Kwa nini? Kwa sababu najua memsahib hapana rudi."

Hoja ile ilikuwa imesimama vizuri, na hilo ndilo lililomkera Muthama. Aliomba ruhusa ya kwenda kuchimba lile shimo. Tarrant alitazama ukutani penye saa, akampa Landrova na dereva, na onyo kwamba faili itaondoka saa nane, maiti iwepo isiwepo.

Kabla ya kuondoka Muthama alipitia mahabusu. Zadock alikuwa mtu mrefu wa Kimilili, mwenye mikono mikubwa iliyozoea kubeba sufuria za moto bila kitambaa. Alisimama alipomwona sajini.

"Niambie tena. Alitoka vipi?"

"Mimi nilikuwa nyuma nanyonyoa kuku. Nikasikia yeye anaita kutoka mbele, 'Zadock, ahora vengo.' Nikajibu ndiyo Mama. Basi."

"Hukumwona?"

"Sikuona. Kuku ilikuwa mkononi."

"Alikuwa na mtu?"

"Nilisikia kama mtu anakohoa. Sikuweka maanani."

"Saa na pete?"

"Nilienda kupangusa bafu nikakuta iko kwa kisahani cha sabuni. Nikasema hii itapotea. Nikaweka mfukoni nimpatie akirudi, nikakimbilia chungu, bafu nikaacha hivyo."

"Na mbona hukuja kusema amepotea?"

Zadock alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha kwenda chini. "Afande, alisema anakuja. Mtu akisema anakuja, wewe unaenda kwa polisi kusema amepotea? Akirudi akute askari nyumbani, mimi niko na kazi tena?"

Kuku, kama askari aliyepekua alivyoandika jana, hakuonekana popote mle jikoni. Muthama alilikumbuka hilo njia nzima, Landrova ikipita Westlands na kuingia kwenye vivuli vya Kitisuru, akawa anamwombea Zadock kimoyomoyo. Alikwisha kumwamini, na kumwamini mshukiwa kabla ya kuona ushahidi ni ugonjwa aliokatazwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Alianza na shimo. Yeye na dereva walichimba kwa zamu, makoti yametundikwa kwenye mlimau, na kila jembe lilipogota kitu dereva aliruka nyuma. Walipata mizizi, kisha chupa ya dawa, kisha manyoya. Manyoya mengi meupe, miguu miwili ya njano na kichwa cha kuku chenye upanga mwekundu. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Damu ya aproni ilikuwa imepata mwenyewe, na kuku wa Zadock naye alikuwa amejitokeza kutoa ushahidi.

Jikoni moto ulikuwa umezimika. Askari wa jana walikuwa wamemchukua mpishi na kuacha chungu mekoni, kama wanaume wasiojua chungu ni kitu cha kuepuliwa. Muthama alikishusha, akafunua. Ndani mlikuwa na maharagwe na nyama ya kuku, vimeiva vikapitiliza hadi vikawa uji mzito. Alikipeleka dirishani penye mwanga akakiinamisha. Ukutani kwa ndani mlikuwa na pete za mchuzi uliokauka, moja chini ya nyingine. Mchuzi ulikuwa umepungua, ukaongezwa maji, ukapungua tena, ukaongezwa tena. Mtu alikuwa amekaa na chungu kile mchana na usiku, akikilinda kisiungue. Pembeni palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kitambaa kilichokunjwa.

Muuaji anaweza kupika ili aonekane mwema, Muthama alijiambia, lakini mpishi wa kujionyesha angeongeza maji mara moja anaposikia watu wanakuja. Huyu aliongeza hata pale ambapo hakuna wa kumwona. Zadock alikuwa anamngoja mama yule kwa dhati. Hilo lilitosha kumtuliza Muthama, lakini hakimu angetaka zaidi ya chungu.

Akaingia bafuni. Kisahani cha sabuni kilikuwa pale pale aliposema Zadock, na sabuni yenyewe imeliwa nusu. Karibu na kitundu cha maji kulikuwa na vipande vya kucha, vimekatwa hadi mwisho, na brashi ya mti ambayo nywele zake zilikuwa bado zimelala upande mmoja kwa kusuguliwa kwa nguvu. Mwanamke anayekwenda kutembea hujipamba. Huyu alivua saa, akavua pete ya ndoa ambayo mjane haivui ovyo, akakata kucha, akasugua mikono. Alikuwa anakwenda kufanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mitupu.

Sebuleni aliangalia picha za ukutani moja moja. Kulikuwa na mumewe mbele ya magunia. Kulikuwa na kanisa. Na juu ya meza ya kushonea kulikuwa na picha ya zamani ya wasichana waliosimama safu mbili, aproni nyeupe, mikono mitupu hadi kwenye viwiko, na kila aliyekuwa safu ya mbele amebeba mtoto mchanga. Watoto wale wote hawangeweza kuwa wa wasichana wenyewe. Muthama alikumbuka kule kwao Mwala, siku Kalekye wake alipojifungua mara ya kwanza: mkunga aliingia akizivua bangili, moja baada ya nyingine, akamkabidhi yeye azishike nje kama karani.

Alitoka hadi kwenye ua wa jirani, ambako yaya Caren alikuwa anaanika nepi. Caren alikuwa mwanamke wa Kisumu, mwenye macho yasiyopitwa na jambo.

"Dada, jana uliulizwa?"

"Niliulizwa na yule bwana kama nimeona maiti. Nikasema sijaona maiti."

"Hakuuliza kitu kingine?"

"Hapana. Na mimi si mtu wa kujibu kitu sijaulizwa."

"Basi mimi nauliza. Mama Ahora akisema ahora, anataka kusema nini?"

Caren alishika nepi kifuani akafikiri, na tabasamu likamponyoka. "Hiyo iko na kipimo? Huyu mtoto wangu aliungua mkono na pasi. Mama Ahora akasema ahora, na kabla sijapiga kelele ya pili amefika na dawa. Lakini paa lake linavuja tangu mvua ya mwaka jana. Kila fundi akija, ahora. Hata siku ya kufa nafikiri atamwambia malaika ahora, na malaika atakaa kwa kiti."

"Kwa hiyo huwezi kujua."

"Unajua kwa mgonjwa. Kama kuna mtu anaumia, ni saa hiyo hiyo. Kama ni mambo yake mwenyewe, atakuja akimaliza."

Muthama alicheka, kisha akacheka zaidi alipojifikiria. Asubuhi ile ile alikuwa amemwambia Nakhumicha 'nakuja' huku akimpa kisogo. Fundi wa viatu wa Barabara ya Mto alimwambia 'sasa hivi' tangu Pasaka. Tarrant aliishi nchi hii miaka na miaka, akajibiwa 'nakuja' na kila mtu, na bado alihitaji kamusi ya Kihispania kumwambia kwamba sasa ni sasa.

"Na hapa kuna mtu anaumia? Mgonjwa?"

"Mgonjwa hapana. Mja mzito yuko. Wangui, yule wa kufua nguo, bibi ya Waweru wa bustani ya Mama Ahora. Alikuwa na tumbo hii, hata kuinama hawezi."

"Waweru yuko wapi?"

"Hajaonekana, hata kwa shamba yake ya mboga kule mtoni. Kwao ni Mutuini."

Muthama hakuuliza zaidi. Alishuka hadi mtoni, chini ya shamba la kahawa, mahali Waweru alipoachiwa kipande alime mboga zake. Njiani, kwenye udongo laini wa geti dogo, aliona alama ya gurudumu la baiskeli. Ya kuingia ilikuwa nyepesi. Ya kutoka ilikuwa imezama, na ilikuwa ikiyumba. Mtu alikuwa amebeba mzigo mzito kwenye keria, na mzigo wenyewe haukutulia. Tarrant angeiona alama ile angesema ni maiti. Lakini maiti haichezichezi nyuma ya baiskeli, na Zadock hakuwa na baiskeli.

Kando ya mto kulikuwa na kichaka cha miwa. Mitatu ilikuwa imekatwa kwa panga, na vishina vyake vilikuwa bado vina unyevu. Muthama alichutama akavigusa. Alikuwa amekaa laini moja ya nyumba za polisi na askari wa Kikuyu mwaka mzima, na siku yule jirani alipopata mtoto walilishwa somo zima bila kuomba: baba hukata miwa, mitano kwa mtoto wa kiume, mitatu kwa wa kike.

"Twende Mutuini," alimwambia dereva, akajikuta anakimbia. "Kuna msichana amezaliwa."

Waliacha barabara ya Dagoretti na kufuata njia ya vumbi jekundu kati ya mihindi na miti ya mawati. Kila waliyemuuliza nyumba ya Waweru aliwaelekeza kwa kidole kimoja na kuwatazama kwa macho mawili, maana gari la polisi halileti zawadi. Waweru mwenyewe walimkuta mbele ya nyumba anapasua kuni. Alipoona kofia ya Muthama, shoka lilimtoka mkononi.

"Sijaiba miwa," alisema upesi. "Nilipanda mwenyewe. Mama Ahora alinipa ruhusa."

"Sijafuata miwa. Mama Ahora yuko wapi?"

Waweru alitazama nyumba, akatazama chini. Kwenye mlango kulikuwa na tawi bichi limefungwa kwa kamba, na mbele ya tawi, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mzee amekunja mikono. Alikuwa Wamucii, mama yake Waweru.

"Hapa mwanamume haingii," Wamucii alisema. "Wala wa ndani hatoki mpaka siku za mzazi zitimie. Mwanangu mwenyewe analala kwa jirani."

"Nyanya, sina nia ya kuingia. Nataka nijue mzungu yuko hai."

"Kwa nini asiwe hai? Anakula kuliko mimi."

Muthama aliegemea Landrova. Tangu asubuhi alikuwa amebeba shingo ya Zadock begani na sasa alihisi imeshuka.

Waweru alianza kumwaga maneno. Mtoto alikuja amekaa vibaya. Alikimbia na baiskeli hadi Kitisuru, akabisha mlango wa mbele, akashindwa kusema, akabaki anakohoa. Mama Ahora alielewa kwa kumtazama tu. Waweru akampandisha kwenye keria, na mama yule njia nzima alikuwa anamhimiza kwa kumpiga mgongo. Mtoto alizaliwa salama usiku ule, lakini Wangui akashikwa na homa, na mama yule akakataa kuondoka hadi homa ishuke. Wamucii naye akasema kwamba aliyekata kitovu ni wa ndani, na wa ndani hatoki. Jumatano alfajiri Waweru alikwenda kukata miwa, akaona moshi wa jikoni kwa Zadock, akajua yuko sawa, akarudi bila kubisha. Asingeweza kutangaza habari za ndani kabla ya siku kutimia.

"Moshi huo," Muthama alisema, "ulikuwa wa kumngoja Mama Ahora."

Alisogea hadi mahali Wamucii alipomruhusu, akapaza sauti kuelekea ukutani. "Mama. Ni polisi. Zadock amefungwa. Wanasema amekuua. Leo saa nane anakwenda kwa hakimu."

Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, nzito na chovu.

"Ahora."

Muthama alisubiri. Alimtazama dereva, dereva akamtazama. Jua lilikuwa utosini. Ilikuwa ahora ya mkono ulioungua, au ya paa linalovuja? Alianza kuhesabu maili za kurudi mjini.

Mlango ulifunguka kabla hajafika popote na hesabu hiyo. Mwanamke mfupi mwenye mvi alitoka bila viatu, mikono imekunjwa hadi viwiko, nywele zimefungwa kwa leso ya Wangui. Alipita chini ya tawi akiwa tayari anaongea. "Nani nasema Zadock naua? Zadock hawezi kuua nzi. Kuku yenyewe analia kwanza. Wapi gari?"

Wamucii alisimama njiani. "Umekata kitovu. Hutoki."

"Nyanya," Muthama alisema, "kuna mtu amefungwa kwa ajili ya kuzaliwa kwa mjukuu wako. Naye ana mtoto mgongoni kwa mkewe, pale kwenye ngazi za polisi."

Bibi kizee alinyoosha mkono, akautwaa mtandio wa Mama Ahora begani mwake, akaingia nao ndani, na wote wakasikia akimfunika mtoto. Alirudi mlangoni. "Basi hajatoka. Nguo yake iko hapa. Ila arudi kabla jua halijazama, mtoto asianze maisha na lawama za watu."

Mama Ahora alimpigia magoti kidogo, kama wanawake wa pale wafanyavyo, akapanda mbele karibu na dereva.

Waliingia kituoni Tarrant akiwa anafunga faili kwa utepe. Alimwona Muthama kwanza, kisha akamwona mwanamke asiye na viatu nyuma yake, na rangi yake ikapanda na kushuka. Alitazama kamusi. Alitazama pete.

"Memsahib," alisema, "wewe nakuwa wapi?"

"Kazini," Mama Ahora alijibu, akaichukua pete yake mezani, akaivaa. "Zadock wapi?"

Ni haki kusema kwamba Tarrant hakubishana. Alifungua utepe wa faili, akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri, na alipomwita askari wa zamu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu. Muthama alimpenda kidogo siku ile.

Zadock aliletwa. Alimtazama mwajiri wake kuanzia miguuni, akashika ukingo wa meza. "Mama," alisema, "maharagwe yameharibika. Nilikuwa nikiongeza maji, lakini hawa watu walinichukua."

"Tutapika mengine," alisema mama yule, naye akalia waziwazi mbele ya maaskari wote.

Nje kwenye ngazi Nakhumicha alikuwa amesimama. Alimwona mumewe akitokea mlangoni. Alimwangalia tu, na machozi yakamshuka bila kufutwa. Zadock alishuka ngazi mbili, akamgusa mtoto kichwani, kisha akajipapasa utosini.

"Nimesahau kofia yangu huko ndani," alisema. "Ngoja kidogo, nakuja."

Nakhumicha aliushika mkono wa koti lake kwa mikono yote miwili, hadi mshono ukalia.

"Kofia nitakununulia," alisema. "Twende nyumbani."